Mwiko wa Nyumba ya Tane

Nobue alipoolewa katika kijiji cha Okunosawa theluji ilikuwa imefika madirishani, na jambo la kwanza alilofundishwa halikuwa majina ya majirani wala njia ya kisimani. Alifundishwa pa kukaa. Jiko la nyumba ile lilikuwa shimo la mraba katikati ya sebule, moto ukiwaka humo tangu alfajiri, na kila upande wa shimo ulikuwa na mwenyewe. Upande wa juu ni wa mwanamume wa nyumba, na kwa kuwa baba yake alishafariki, alikaa Eikichi, mume wa Nobue. Upande wa mlangoni ni wa wageni. Upande wa chungu ni wa mama mwenye nyumba, yaani Tane, mavyaa wa Nobue. Upande uliobaki ni ule kuni zinakochomekwa, na moshi wote hukimbilia huko.

"Kaa hapo," Tane alimwambia. "Macho yakikuwasha, ujue uko mahali pako."

Hiyo ndiyo salamu aliyopewa bibi harusi wa miaka ishirini aliyekuja kwa kutembea saa tatu ndani ya theluji, na nguo ya kuazima mwilini. Sisi wa bonde lile hatukuona ajabu. Mama zetu wote walikaribishwa hivyo hivyo.

Juu ya chungu, kwenye ndoano ya mbao, ulining'inia mwiko wa kupakulia wali. Ulikuwa mwiko tu, ubao mpana uliolika upande mmoja, mweusi kwa moshi. Lakini katika nyumba zetu za kaskazini mwenye mwiko ndiye mwenye nyumba. Yeye hufunua chungu, hupakua, huamua nani apate kiasi gani, na hakuna mkono mwingine unaougusa. Ukitaka nyongeza unanyoosha bakuli kwa mikono miwili na kusema, "Niongeze, mama mwenye nyumba." Hata Eikichi, mtu mzima na masharubu yake, alisema hivyo kwa mama aliyemzaa. Mkamwana hupakuliwa wa mwisho, na wa mwisho hupata ukoko.

Halafu hufika mwaka mmoja, jioni ya mwisho ya mwaka, wote wakiwa wamekaa kula, mavyaa huulaza mwiko juu ya mfuniko wa chungu, husukuma mfuniko kwa mikono miwili hadi mbele ya mkamwana, na kusema, "Kuanzia leo pakua wewe. Hawa wote ni wako kuwalisha." Basi. Maneno hayo tu. Wanabadilishana mahali pa kukaa, na mkamwana anakuwa mwenye nyumba. Kabla ya hapo, uzae watoto kumi, ulime mpaka mgongo ukatike, wewe ni mgeni aliyekawia kuondoka.

Jirani yao, Ume, aliolewa mwaka mmoja na Nobue. Yeye alipewa mwiko mwaka wa saba, na asubuhi yake alipita nyumba kwa nyumba kujitangaza.

"Mavyaa wako anangoja nini?" alimuuliza Nobue kisimani. "Wangu alisema magoti yanamuuma, akanitupia. Wako magoti yake ni ya chuma?"

"Mwenyewe alingoja miaka kumi na tisa," Nobue akasema. "Ananiambia kila siku."

Ni kweli, Tane alikuwa na wimbo huo. Kila Nobue alipougusa ukoko kwa vijiti vyake na kuutazama kidogo tu, Tane alisema, "Unautazama nini? Mimi nilingoja miaka kumi na tisa, na sikufa. Mama Sugi aliponipa, aliniona nimeiva." Sugi alikuwa mavyaa wa Tane, mwanamke ambaye hata wazee wa kijiji walimtaja kwa sauti ya chini, aliyefariki majira ya baridi wakati wa vita. Tane aliyaeleza makabidhiano yale kwa watu wote: jinsi Sugi alivyosukuma mfuniko, jinsi alivyotabasamu. Waliomjua Sugi walishangaa kidogo hapo kwenye tabasamu, lakini nani angebisha?

Basi Nobue akaanza kuhesabu. Alipanda mpunga, akavuna, akatundika figili juu ya moshi mpaka zikakauka na kuwa kahawia, akazifukia kwenye chumvi na pumba, akamzaa Mikio. Ndani ya nyumba ile hakuomba kingine. Si kwamba alitaka kutawala. Huyo mwanamke hakuwa na tamaa ya kutawala hata kuku. Alitaka aambiwe kwamba yeye ni wa pale.

Miaka ile wanaume wetu walikwenda Tokyo kila baridi kufanya vibarua, kwa kuwa theluji hailimwi. Mwaka wa nane Eikichi alirudi na chungu cha umeme begani, kimefungwa kwenye shuka. Kijiji kizima kilikuja kukitazama kikipika wali peke yake.

"Ala! Sasa mwiko wa nini?" Ume akasema. "Kitajipakulia chenyewe pia."

Tane hakucheka. Alikisogeza chungu cha umeme upande wake wa kukaa, akatoa mwiko kwenye ndoano, akaulaza juu yake. "Kipike," alisema. "Kupakua ni kazi ya watu." Chungu cha chuma kikawekwa kwa ajili ya jioni ya mwisho wa mwaka peke yake, na Tane akaendelea kupakua, na Nobue akaendelea kuwa wa mwisho. Faida aliyoipata ni kwamba cha umeme hakikutoa ukoko.

Mwaka wa kumi na sita, mwezi wa pili, Eikichi alirudi ndani ya sanduku dogo jeupe. Handaki walilokuwa wakilichimba lilianguka. Walishamchoma hukohuko Tokyo kama ilivyo desturi yetu, yamebaki majivu, na mwenzake wa kijijini ndiye aliyembeba kwenye treni, sanduku kifuani, siku nzima, bila kukubali kuliweka chini.

Sasa sikilizeni, maana jambo hili ndilo lililomkaa Nobue rohoni. Maiti wetu huwekewa bakuli la wali mbele yake, wali umejazwa mpaka umefanya kilima, vijiti vimesimamishwa katikati. Bakuli hilo hupakuliwa na mama mwenye nyumba. Lakini Tane alikuwa amejikunja kwenye kona, ameuma ukingo wa nguo yake, hasikii wala haoni. Wanawake wakanong'ona, wakamtazama Nobue. Wali unapoa, walisema. Mke ni wewe. Nobue akainuka, akaunyoosha mkono kwenye ndoano.

"Usiuguse!"

Hakuna aliyejua kwamba kizee kile kingeweza kuruka namna ile. Tane alimpokonya mwiko kwa nguvu mpaka mkono wa Nobue ukagonga ukuta. "Si leo! Si siku ya msiba! Toa mkono wako!" Kisha akampakulia mwanawe mwenyewe, wali ukimwagika magotini, na watu wakaangalia chini kwa aibu.

"Hana utu," Ume alisema walipotoka nje. "Roho ya kwa nini ile! Hata leo? Hata mumeo akiwa sandukuni?"

Nobue alikuwa na miaka thelathini na sita, mtoto wa miaka kumi na nne, na alama ya kugonga ukuta, ya kijani kama wino, iliyokuwa ikipanda taratibu kwenye kifundo cha mkono. Kwao walimwandikia: rudi, mjane haolewi na nyumba. Aliikunja barua ile, akaiwashia moto wa asubuhi. Akabaki. Alipoulizwa sababu alisema Mikio hajamaliza shule, na huo ulikuwa ukweli, ila si wote. Alikuwa amekasirika. Alijiambia hataondoka katika nyumba ile kabla kile kizee hakijatamka kwamba yeye ni wa pale, hata kama itabidi wazeeke pamoja mpaka wote wawili wapinde migongo kama kigoda.

Na kweli wakazeeka pamoja. Mwaka wa kumi na tisa ulikuja. Nobue alishona nguo mpya kwa ajili ya jioni ile, na Tane akafunua chungu, akapakua, akafunika, akautundika mwiko. Mvumilivu hula mbivu, wanasema watu. Wa kwetu huyu alizitazama mbivu mpaka zikadondoka. Mikio akaenda Sendai kufanya kazi, akaoa msichana wa mjini, Kanae, mwenye kucheka kwa sauti. Nyumba moja baada ya nyingine kijijini ikafungwa madirisha. Waliobaki walikuwa wanawake wawili, mikono minne ya kukwangua theluji kwenye paa, na siku nyingine hawakusemezana ila mambo ya chumvi na kuni. Lakini Tane alipougua kichomi, Nobue alimbeba mgongoni kwenye theluji hadi barabara kuu linakofika gari la wagonjwa.

"Unanitikisa kama gunia," Tane alilalamika mgongoni.

"Nikuweke chini, Mama?"

"Nani kasema? Tembea."

Kisha kumbukumbu ya Tane ikaanza kuvuja. Alitafuta kandambili alizozivaa. Alimuuliza Nobue kama vita vimekwisha. Siku nyingine alimpakulia Eikichi bakuli, akaliweka upande wa juu wa shimo, akakasirika kwamba mtoto anaacha chakula kipoe. Nobue alilihamisha bakuli mbele ya kabati la wahenga, wanakoandaliwa marehemu wa nyumba, bila kumsahihisha.

"Chukua huo mwiko uweke kapuni, yaishe," Ume alimwambia. "Hatajua hata. Ni kijiti, Nobue! Miaka arobaini unasubiri kijiti!"

"Nikiuchukua nimeuchukua," Nobue akasema. "Sijapewa."

"Basi mtakufa wote wawili kwa njaa."

Jioni niliyotaka kuwasimulia ni ya mwisho wa mwaka wa arobaini na mmoja. Tane alikuwa na miaka tisini na mmoja na meno manne. Nobue alikuwa na sitini na mmoja, na nywele zake zilikuwa nyeupe pe, zimefungwa nyuma kama wafungavyo wanawake wa zamani. Mikio na Kanae walifika mchana, gari limejaa machungwa. Chungu cha chuma kilikuwa juu ya moto. Kwa sababu mikono ya Tane haikuweza tena kuinua mfuniko, mwaka ule Nobue alikaa upande wa chungu, ubavuni mwa mavyaa wake, ili amsaidie. Upande wa moshini hakukaa mtu.

Wali ukaiva. Nobue akainua mfuniko, mvuke ukapanda, Tane akautoa mwiko kwenye ndoano. Akamgeukia Nobue ili amwambie jambo, na hapo akaganda. Alizitazama zile nywele nyeupe, ule uso mwekundu kwa moto, ndani ya mvuke.

Akachukua mfuniko, akauweka chini, akaulaza mwiko juu yake, akausukuma kwa mikono miwili mbele ya Nobue. Kanae akashika mkono wa mumewe.

Tane akainama, kipaji cha uso mkekani. "Mama Sugi," akasema, "nisamehe. Nakurudishia."

Mikio alifungua mdomo. Nobue akamtazama mara moja tu, naye Mikio akaufunga.

"Hukunipa," Tane akasema, uso bado chini. "Nilingoja miaka kumi na tisa, hukunipa. Ulianguka kisimani, wakakulaza pale, hata uso hujafunikwa. Watu wakasema wali wa maiti upakuliwe. Nani atapakua? Nikauchukua kwenye ndoano, Mama. Nikawaambia watu umenipa. Nimewadanganya wote, hata mume wangu."

"Tane," Nobue akasema polepole.

"Nimekutunzia tu! Sijampa mtu. Ningempaje mtu kitu kisicho changu? Nina mkamwana, Mama. Anangoja. Kila mwaka namwona anavyoutazama, na mimi natazama pembeni. Siku tuliyomlilia Eikichi aliunyooshea mkono, nikampokonya. Nilisema hapana, huyu hapana. Huyu asiupate kutoka kwa maiti kama mimi."

Usilolijua ni usiku wa giza, jamani. Miaka ishirini na mitano Nobue alikuwa amebeba ule mkono uliogongwa ukutani. Alikuwa ameutia chumvi na pumba kama figili zake, akaufunika na jiwe. Sasa alilia bila sauti, machozi yakashuka hadi kidevuni, na hakuyafuta, kwa sababu Sugi, kwa yote aliyoyasikia, hakuwa mwanamke wa kulia wala wa kujifuta.

Alikaa wima. Aliweka mikono miwili kwenye mfuniko, akausukuma kurudi kwa Tane.

"Kuanzia leo pakua wewe," alisema kwa sauti ngumu. "Hawa wote ni wako kuwalisha."

Tane akainua kichwa. "Kweli, Mama?"

"Nirudie mara ngapi? Umeiva."

Kizee kile kikaushika mwiko kwa mikono yote miwili, kikauweka kifuani, kikacheka cheko dogo la msichana ambalo mtu yeyote pale hakuwahi kulisikia. Kikatazama kulia na kushoto. Halafu uso ukabadilika, ukawa na haraka.

"Mke wa Eikichi yuko wapi?" Tane akasema. "Muiteni. Muiteni upesi, amengoja sana masikini."

Kanae alimtazama mama mkwe wake, macho yamemtoka. "Mama," akanong'ona, "utafanyaje?"

"Nakuja," Nobue akasema, akainuka, magoti yakalia. Akatoka, akafunga mlango wa kusukuma nyuma yake. Chumba cha jikoni kilikuwa baridi kama nje. Alisimama gizani kati ya magunia na mapipa, harufu ya figili za moshi ikimzunguka, akashika ukingo wa pipa mpaka alipoweza kupumua vizuri. Alichukua aproni yake nyeupe msumarini, akaivaa, akafunga kitambaa kichwani kuzificha nywele. Kisha akafungua mlango na kupiga magoti kizingitini, kama siku ile ya kwanza.

"Mama, umeniita?"

"Umechelewa," Tane akasema.

"Nilikuwa jikoni, Mama."

"Jikoni, jikoni! Miaka yote uko jikoni. Njoo hapa."

Tane akajiburura. Mikio aliinuka kumsaidia, akapigwa kofi mkononi. Akajivuta mwenyewe juu ya mkeka, kidogo kidogo, kutoka upande wa chungu hadi upande wa kuni, akakaa kwenye moshi, akakohoa, akayafumba macho yaliyoanza kumwasha. Akamwonyesha Nobue kwa kidevu mahali alipopaacha. Nobue akakaa. Mkeka ulikuwa bado na joto.

Mfuniko ukaja mbele yake, mwiko juu yake.

"Nobue," Tane akasema, na alilitamka jina lile sawasawa, "kuanzia leo pakua wewe. Hawa wote ni wako kuwalisha."

Nobue akainama mpaka chini. Alikuwa na maneno aliyoyaandaa kwa ajili ya siku hiyo tangu akiwa na miaka ishirini, mazuri sana, na hakulikumbuka hata moja. Alisema tu, "Ndiyo, Mama," akashika mwiko. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Alipakua bakuli la Eikichi, Mikio akalipeleka kwenye kabati la wahenga. Akampakulia Tane, wali laini wa katikati. Akampakulia Mikio. Akampakulia Kanae, akajaza mpaka Kanae akasema, "Mama, inatosha, jamani!" Kisha akafika chini, akakwangua ukoko, na kwa mazoea ya miaka arobaini na mmoja akautia kwenye bakuli lake mwenyewe.

"Wewe!" Tane alikuwa amefumbua jicho moja. "Huo lete huku."

"Mama, ni mgumu, meno yako..."

"Meno yangu mimi ndiye niliyeyang'oa. Anayekaa kwenye moshi ndiye anayekula ukoko, hujui desturi? Lete."

Nobue akauhamisha. Tane akauchovya kwenye mchuzi, akautia mdomoni, akaumumunya upande huu na upande ule mpaka ukalainika, wote wakimtazama. Ilichukua muda. Alipomeza, akalifuta bakuli kwa kidole, akalishika kwa mikono miwili, akalinyoosha juu ya moto.

"Niongeze," akasema, "mama mwenye nyumba."